Nundu ya Mutamaiyu Wetu

Kawangware, Nairobi
Jumapili, 9 Oktoba 2005

Mpendwa ndugu yangu Mwihaki,

Nakusalimu kwa heshima ya tumbo moja lililotubeba. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na kwamba lile goti lako limetulia. Je, binti yako Wangu ameshajifungua? Kama ni msichana, natumaini amekumbuka jina la mama. Sisi huku tu wazima kiasi cha kuweza kulalamika. Mke wangu, Mama Wainaina, anakohoa hadi saa tatu, kisha anakwenda sokoni kana kwamba aliyekuwa akikohoa ni jirani. Mimi macho yananipunguka. Bado nasoma, ila kitabu cha wiki moja sasa kinanichukua mwezi.

Barua yako niliipata, nami nimekaa nayo siku kumi na tisa. Uliniambia kwamba kamati ya ardhi itasikiliza madai yetu tarehe ishirini na nne. Ukasema kwamba Hezekiah, aliyekalia shamba letu tangu tulipofukuzwa mwaka wa tisini na mbili, ameleta karatasi yenye jina langu, na kwamba karani aliisoma kwa sauti bila kukuonyesha. Ukasema ulisimama mbele ya watu wote ukatangaza kwamba ni karatasi ya kughushi, kwa maana kaka yako afadhali akatwe mkono kuliko kuandika neno kama hilo. Ukaniomba nikuandikie barua kwa mkono wangu na kutia sahihi, ili uwaonyeshe tofauti. Ombi lako nitalitimiza. Lakini kwanza nivumilie nikueleze kazi yangu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilipofika Nairobi nilianza kwa kuchonga miguu ya meza katika karakana moja kando ya Ngong Road. Leo naendesha kerezo, mashine inayozungusha kipande cha mti huku mtu akikichonga kwa patasi. Natengeneza mabakuli ya mapambo, yale ambayo hayawekwi chakula. Na sichongi mti wowote tu, nachonga nundu, yaani ule uvimbe unaoota kwenye shina la mti uliojeruhiwa zamani. Nyuzi za mbao ya kawaida zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Za nundu hazina upande. Patasi ikiingia vizuri hapa, hatua moja mbele inanaswa, na kipande kizima kinaweza kuruka kikakuvunja taya. Zedekiah, Mluhya tunayegawana naye karakana, anaiita nundu mke wa pili. Anasema unaitunza, unailipia nyumba, na siku ukijisifu juu yake inakupiga kichwani mbele ya wageni.

Mwaka jana mwezi wa Machi nilipata nundu ya mutamaiyu, huo mzeituni wa mwituni. Sijawahi kuona nyingine kama ile. Ilikuwa kubwa kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na ilihitaji watu wanne kuishusha kutoka kwenye lori. Niliipasua vipande vitatu, nikavichonga juujuu tu vikiwa bado vinene, nikavipaka nta na kuvifukia ndani ya magunia ya maranda vikauke polepole. Nilivingoja miezi minane. Mutamaiyu haukubali kuharakishwa. Kila Jumamosi nilivifukua nikavipima kwa mizani ya nyama niliyoazima kwa Ndungu wa buchari, ambaye aliniuliza ni mnyama gani huyu anayekonda baada ya kufa.

Kipande cha kwanza kilipasuka ndani ya gunia, bila kuguswa na mtu. Cha pili kilisambaratika kwenye kerezo, kikavunja dirisha, na Zedekiah akatoka chini ya meza akiniuliza kama nimemaliza au kuna ibada ya pili. Cha tatu nilikichonga kwa siku sita. Nilikuwa nimekaribia ukuta wa mwisho, unene wa kidole, ndipo cheche zikaruka na ncha ya patasi ikakatika. Nikazima mashine. Ndani ya mti kulikuwa na chuma. Zedekiah akaja, akatazama, akasema, "Mzee Kibe, mti wako uliota meno."

Niliking'oa kile chuma kwa koleo. Kuzunguka mahali kilipokuwa, mbao ilikuwa imeingia weusi kama wino, kwa maana mutamaiyu ukikaa na chuma hugeuka hivyo, na hakuna msasa unaouondoa. Nilidhani bakuli limeharibika. Lakini Debra, mama mwenye duka la vitu vya sanaa kule Karen, alisema doa lile ndilo uzuri wake. Akalichukua. Sasa liko Upper Hill, katika mapokezi ya ofisi moja ya bima.

Nilikwenda kulitazama mwezi wa Juni. Nilivaa koti langu la kanisani. Askari wa mlangoni akaniuliza nimekuja kumwona nani, nikamwambia nimekuja kuona bakuli. Akasema, "Mzee, bakuli haina ofisi hapa." Wakacheka yeye na mwenzake, bila ubaya. Kupitia kwenye kioo niliona limejazwa pipi. Msichana wa mapokezi aliniona nikikodoa macho, akadhani natamani, akatoka akanipa mbili. Nikamshukuru. Nilizila nikiteremka kuelekea mjini, Mwihaki, na sikuhisi utamu wowote.

Sasa nikueleze kile chuma. Ni msumari wa inchi sita. Kichwa chake kimebondeka upande mmoja, kwa sababu aliyeupigilia hakuwa na nyundo, alitumia kisogo cha shoka. Wewe unaujua msumari huo. Ulikuwa na miaka saba ulipomshikia baba shoka akitafuta pa kuupiga, kwenye mutamaiyu wa mpakani, chini kidogo ya nundu, ili mama apate pa kutundika ndoo ya maziwa. Baadaye nundu ilizidi kukua ikaufunika na sisi tukasahau. Mti wenyewe hukuusahau. Ndio mti ambao wewe uliwaambia wanakamati kwamba utawapeleka hadi chini yake ukiwa umefumba macho.

Haupo, ndugu yangu. Kuna kisiki tu, na pengine hata kisiki wamekwisha kukichimba.

Mutiso, Mkamba anayetuletea mbao kwa lori, ndiye aliyenitajia kwamba huko juu kuna mzee anataka kuangusha mutamaiyu mkubwa achome makaa, na kwamba una nundu inayoelekea mashariki. Aliponieleza lilivyo bonde na mto ulivyopinda, nilijua. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukuandikia siku ileile. Badala yake nilipanda lori.

Nilijiambia naenda kuiokoa nundu isigeuke makaa. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Nilikuwa nimechoka kuota kuhusu pale, nikataka nikanyage. Na tena niliitamani ile nundu, Mwihaki, kama fundi anavyotamani. Miaka kumi na miwili nilikuwa nikichonga mabaki ya miti ya watu.

Hezekiah hakunitambua. Aliniketisha nje ya nyumba ya baba, ambayo ameipaka rangi ya kijani. Mkewe aliniletea chai yenye maziwa mengi, nikainywa. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikasema Dagoretti. Akaupigapiga ule mti kwa kiganja akasema ulipandwa na baba yake. Fundi yeyote wa mbao anajua kwamba mutamaiyu wa unene ule ulikuwa umesimama pale kabla babu zetu hawajazaliwa, na kwamba hakuna aliyeupanda. Mimi niliitikia. Nilisema baba yake alikuwa na mkono mzuri.

Mti ulipokwisha anguka ilibidi tupate barua ya chifu, maana bila hiyo gogo halipiti kizuizi cha barabarani. Karani aliandika kwamba mimi, Ephantus Kibe Ndegwa, nimenunua mti mmoja kutoka kwa Hezekiah, mwenye shamba. Niliisoma mara mbili. Maneno hayo mawili ya mwisho niliyasoma mara tatu. Wewe mwenyewe ulizoea kunicheka kwamba sitii sahihi hata kwenye risiti ya sukari kabla ya kuisoma yote. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba nilidanganywa, wala kwamba sikuona vizuri. Mutiso alipiga honi. Hakuna aliyenishika mkono. Nikatia sahihi, chifu akagonga muhuri.

Karatasi yao si ya kughushi.

Sikuombi msamaha, kwa kuwa sijui ungeutoa wapi. Kwa miaka kumi na mitatu umetembea ofisi kwa ofisi na goti hilo, ukisema tuna mti na tuna mimi. Mti nimeukata, nami nimekwisha andika kwamba shamba si letu. Ninachokuomba ni kimoja: tarehe ishirini na nne usiape juu ya sahihi yangu. Wakikuapisha useme ni ya uongo, watakuletea mtu wa kulinganisha mwandiko, na wewe, ambaye hujawahi kusema uongo, ndiye utakayeondoka pale ukiitwa mwongo. Waonyeshe barua hii. Najua itamaliza kesi yetu. Mimi nitakuwa hapo tangu asubuhi kuyasema haya kwa mdomo wangu. Nitakaa nyuma kabisa. Huna haja ya kunisalimu.

Msumari nimeufunga kwenye kitambaa, uko ndani ya bahasha. Nilitaka kukuambia kwamba ni ushahidi. Lakini ukiwa mkononi mwa mtu, unafanana na msumari wowote uliopata kutu.

Nisalimie Wangu na mtoto, kama ameshafika. Nisalimie wazee wa kanisa lenu, na usiwaambie lolote mpaka wewe mwenyewe uwe tayari. Mama Wainaina anakusalimu sana. Anadhani nakuandikia kuhusu nauli. Mungu akulinde na baridi ya huko.

Sahihi uliyoniomba ni hii hapa, pamoja na ile K yenye mkia uliyosema hakuna mwingine duniani anayeiandika. Ilinganishe na yao.

Ni mimi kaka yako,

Ephantus Kibe Ndegwa