Kadi Tano kwa Nyumba ya Ng'ambo ya Barabara

Mpendwa Bi Maxine,

Naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana Ijumaa ndiyo siku niliyopanga kutuma maombi matano ya kadi za mkopo kwa mpigo mmoja, fomu zote nimeshazijaza. Naitwa Freeman, nina miaka ishirini na tisa, jina la ukoo naomba usilitaje kwa sababu gazeti lenu linafika hadi kwetu, watu wanafungia mayai halafu wanalisoma wakiyafungua.

Nimezaliwa Mwamishi, wale Wakristo wasiotaka umeme wala magari na wanaokwenda kwa farasi, huku upande wa Shipshewana, mtoto wa pili kati ya tisa, nikabatizwa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikatoka nikiwa na ishirini na tatu, na wewe unaijua tofauti, kwamba anayetoka kabla ya ubatizo analiliwa tu, lakini anayetoka baada ya ubatizo anatengwa, haketi meza moja na wenzake wala hawapokei kitu mkononi mwake, hata mama yake mzazi. Sikutoka kwa sababu ya pombe wala mwanamke, nilitoka kwa sababu ya umeme, tangu utotoni nilitaka kujua taa inawakaje, na nilipokataa kuacha kazi ya kutandaza nyaya Baba aliniuliza jikoni mbele ya wote, "Freeman, hizo nyaya unazitaka kuliko unavyotutaka sisi?" nami nikanyamaza, na ule ukimya wangu wakauchukua kuwa ndiyo jibu.

Huu ni mwaka wa sita nafanya kazi kiwandani Elkhart, natandaza nyaya kwenye nyumba za magurudumu, nimepanga chumba Goshen juu ya duka la kufulia nguo, na ninavyoishi ni kama nimezaliwa juzi, sikuwa na leseni, sikuwa na akaunti, hata ile namba ya serikali ambayo kila mtu anapewa akiwa mchanga mimi niliipata nikiwa na miaka ishirini na nne na ndevu zangu. Kwetu Baba akitaka kujenga ghala anataja jina lake, wanapeana mikono, mbao zinakuja. Mimi kiangazi kilichopita niliingia benki kuulizia mkopo wa nyumba, yule dada akapiga jina langu kwenye kompyuta, akatazama, akapiga tena, akaniambia, "Samahani kaka, mashine haikuoni." Nikamwambia niko hapa mbele yako. Akasema, "Wewe nakuona. Ila humu ndani haumo." Bi Maxine, nilitoka pale nikakaa kwenye gari muda mrefu bila kuliwasha, kwa sababu kule nilikotoka sina jina tena, na huku nilikokuja bado sijapata.

Nyumba yenyewe ni ya Bi Kessler, mjane, Mwingereza kama tunavyowaita watu wote wasio wa kwetu, na imetazamana na shamba la wazazi wangu, barabara tu katikati. Anahamia kwa binti yake Arizona. Ananikumbuka tangu nikiwa mtoto, nikienda kwake kuwasha na kuzima taa yake ya jikoni hadi ananifukuza, na ameniambia atanishikia nyumba hadi mwisho wa mwezi wa tatu, zaidi ya hapo hawezi. Dirisha la jikoni kwake linaonyesha kila kitu, kamba ya nguo ya Mama, banda la kuku, mlango wa nyuma. Najua kwa sababu huwa naenda, kila Jumapili nikitoka ibadani naegesha gari pembeni ya barabara, mahindi yakishavunwa naona hadi ngazi ya jikoni, nakaa pale nikimsubiri Mama atoke, na siku nyingine hatoki. Mara ya mwisho kusema naye ni mwezi wa kumi, kwenye maziko ya bibi, alinipita pembeni, akanigusa mkono wa koti, akaniuliza, "Unakula?" nikasema nakula, akasema, "Umekonda," akaendelea na wenzake. Katika miaka miwili hayo ndiyo mazungumzo yetu, mengine hakuna, na mimi nayarudia kila siku kazini hadi nyaya zinapishana.

Ndipo Darrell, ninayefanya naye kazi benchi moja, aliponicheka. Mpaka leo nina kadi moja tu, ile unayoweka dola mia tatu zako mwenyewe kama dhamana, nina nayo miezi minane sasa, nanunulia mafuta ya gari na mwisho wa mwezi nailipa yote. Niliomba nyingine mbili mwezi wa saba, kwa kubahatisha, nikakataliwa zote. Darrell akafungua pochi, akazitandaza kadi zake kama mcheza karata. "Kumi na moja! Na nalala usingizi fofofo. Wewe unatambaa na kikadi kimoja, utasimama lini?" Akanipangia, kadi tano siku moja, asubuhi hiyohiyo, kabla kampuni moja haijapata habari za mwenzake, mbili kati ya hizo zinatoa zawadi ya pesa ukizitumia haraka, hizo ndizo malipo ya kwanza ya nyumba, na mwezi wa tatu narudi benki nikiwa mtu mwenye kadi sita. Kwenye kipato aliniambia niandike dola elfu tisini. Nikamwambia napata elfu arobaini na saba. Akasema, "Nani atakuja kuuliza?" Nikaandika tisini, mara tano.

Dada yangu Wilma huwa ananiandikia kwa siri, wiki iliyopita aliandika kwamba baridi imeua kuku wanne, na kwamba mdogo wetu Lamar anaoa mwezi wa tano na Baba anaitaka ile nyumba ya Bi Kessler kwa ajili yake, na kwamba Mama goti linamsumbua lakini hajambo. Kwa hiyo unaona haraka yangu.

Swali langu ni hili, nitume zote tano, au nianze na tatu, na ipi itangulie? Sitaki mengi Bi Maxine, sitaki hata wanikaribishe ndani. Nataka tu kuwa mtu anayekaa ng'ambo ya barabara.

Freeman, Goshen

*

Freeman,

Ukurasa huu hutoka Jumanne, na barua yako ilinifikia Jumatano ikiwa na Ijumaa ndani yake. Sina desturi ya kuwapigia simu wasomaji. Wewe nilikupigia Alhamisi, kwa sababu ulikuwa umeandika namba yako chini, na kwa sababu nilikaa kwenye dawati la mikopo miaka thelathini na moja na nimewaona kina Darrell wakiingia na kutoka. Kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji tulivyozungumza.

"Umeshatuma?" nilikuuliza.

"Bado, mama. Kesho."

"Usitume. Nani mwingine anayeitaka hiyo nyumba?"

"Kuna watu."

"Watu gani?"

"Lamar."

"Lamar nani?"

"Mdogo wangu."

"Haya. Sasa ndiyo tumeanza kuzungumza."

Ulimficha ndugu yako katikati ya kuku waliokufa na goti la mama yako, Freeman, ukitumaini nitampita bila kumwona. Nilisoma fomu za waongo maisha yangu yote, mwanangu. Mtu anapoandika haraka mahali fulani, hapo ndipo naweka kidole.

Nianze na kadi, maana ndizo ulizoniulizia. Darrell anajua nusu ya habari na hiyo nusu ndiyo itakayokuzamisha. Ni kweli kwamba ukiomba tano asubuhi moja, zile kampuni tano huenda zisionane siku hiyo. Lakini benki ya nyumba haiji siku hiyo, inakuja mwezi unaofuata, na inaziona zote. Inamwona kijana mwenye faili jembamba kama kabrasha tupu, aliyebisha milango mitano kwa siku moja. Kila ombi linaacha alama yake, na kila kadi mpya inaifanya historia yako ionekane changa kuliko ilivyo. Ningekuwa bado kwenye dawati langu ningekukataa kabla kahawa haijapoa. Halafu ningeomba karatasi zako za mshahara, nikaona arobaini na saba, na nikijua mahali pengine uliandika tisini, hapo tumeshatoka kwenye kukataliwa, tumeingia kwenye kosa ambalo watu wanafungwa. Ulikulia kwenye nyumba ambayo neno la baba yako linajenga ghala. Unataka jina lako la kwanza huku kwetu liwe la uongo, tena mara tano?

Hizo mbili ulizoomba kwa kubahatisha mwezi wa saba usizililie, zitasahaulika. Kile kikadi unachokionea aibu ndicho kitu bora ulicho nacho. Usikifunge. Endelea na mafuta yako ya gari, usivuke theluthi ya kiwango chake, yaani dola mia, lipa yote. Kikifikisha mwaka, omba kadi moja ya pili, moja tu, kutoka benki hiyohiyo inayopokea mshahara wako, na uandike kipato chako cha kweli. Ya tatu, ukiitaka sana, isubiri miezi sita mingine. Baada ya hapo acha kabisa kuomba kitu chochote nusu mwaka kabla ya kwenda kutafuta mkopo wa nyumba. Kodi ya chumba chako ilipe kwa hundi kuanzia sasa na utunze risiti, kwa maana ziko benki ndogo bado ambazo afisa anakaa chini akasoma risiti za mtu kwa macho yake, asiiachie mashine. Hesabu, pamoja na muda wa kuweka akiba ya malipo ya kwanza, ni miaka miwili na kitu. Najua ulitaka kusikia mwezi wa tatu.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Tuseme ungefanikiwa. Umepata kadi, umepata mkopo, umemshinda Lamar. Anaoa mwezi wa tano, anapelekwa kuishi mbali na baba yake, na kila asubuhi mama yako anatoka jikoni anatazama ng'ambo, anaona taa ya mwanawe aliyemnyang'anya mwanawe mwingine nyumba. Ungemwona sana, hilo sikatai. Ila ungekuwa umempa sababu ya kutokutazama.

Nilikwambia hivyo kwenye simu, na ulinikasirikia. Uliniambia, "Wewe una watoto wanaokuja kwako Krismasi, huwezi kujua." Ni kweli, sijui. Ukakata.

Jumamosi ukapiga mwenyewe. Ulikuwa umezichana fomu, na ulikuwa umekwenda kwa Bi Kessler ukamwambia asikungoje, ampe Lamar. Alikwambia, "Una hakika, Freeman? Mimi nilitaka iwe yako." Ukamwambia hakika huna, lakini ampe tu. Nikakuuliza umejisikiaje.

"Kama nimetoka tena," ulisema.

Nilikuuliza kama umekula, ukacheka kidogo, tukaagana.

Ningefunga ukurasa hapo, lakini Jumatatu hii, wiki mbili baadaye, saa chache kabla gazeti halijakwenda mtamboni, ulinisomea kwa simu barua mpya ya Wilma. Anasema Bi Kessler alimweleza Lamar nani aliyempisha, na Lamar akaipeleka habari hiyo nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Baba yako aliomba tu apewe viazi. Na baadaye, wakiosha vyombo, mama yako alimuuliza Wilma, "Kutoka hapa hadi Goshen kwa Freeman, ni maili ngapi?"

Wewe ulinisomea sentensi hiyo ukaipita, ukaendelea na habari za hali ya hewa. Una tabia mbaya ya kupita juu ya mambo, Freeman. Mwanamke wa miaka sitini mwenye goti bovu haulizii maili kwa ajili ya kujifurahisha. Kutengwa kunamkataza meza yako. Hakumkatazi barabara, na Wilma anajua hivyo, ndiyo maana aliandika.

Chumba chako kiko ghorofani, mbele yake ni maegesho ya duka la kufulia, lami tupu na magari. Angefika, angesimama wapi na farasi wake? Kwa hiyo miaka hii miwili, wakati kadi zako zinakomaa taratibu, kila Jumapili unapotoka ibadani acha kwenda kuegesha kando ya mahindi ya watu. Endesha kwenye barabara za nyuma, maili tatu au nne kutoka kwao, siyo zaidi, utafute nyumba ndogo yenye ua na kivuli, isiwe juu ya kilima. Dalali atakuonyesha jiko, atakuonyesha bafu, mwache amalize. Kisha tokeni nje umuulize farasi atafungwa wapi. Kama hakuna mahali, nunua nguzo ya mwaloni, chimbia futi tatu, shindilia vizuri, na uweke ndoo ya maji safi kila asubuhi, hata siku ambazo hakuna anayekuja.

Maxine