Leseni ya Kompyuta Mbili

Jumatano, 4 Juni

Kompyuta ya shangazi imefika. Imetumika, lakini kwangu ni mpya. Kitu cha kwanza nimefungua wimbo wetu – ule niliotunga na Baba kabla hajahama. Ngoma zinalia. Besi inalia. Sauti yangu ya utoto, ya kuaibisha, nayo inalia. Kinanda kimya. Noti zote alizopiga Baba zipo kwenye skrini, ila plagini yenyewe ya kinanda, ile programu ndogo inayotoa sauti yake, haipo.

Walioitengeneza wameshafunga duka. Tovuti yao inasema asante kwa miaka yote. Asante ya nini?

Alhamisi, 5 Juni

Nusu ushindi. Fundi mmoja mtandaoni ameeleza: weka programu ya daraja, plagini idhani bado iko kwenye kompyuta ya zamani. Nikaweka. Ikafunguka – ile picha ya mbao, vile vitufe! Nikabonyeza. Kimya. Leseni ni ya kompyuta mbili tu, na nafasi zote mbili zimeshajaa.

Moja ni ile iliyoungua hapa nyumbani. Haiwezi kuondolewa kwa sababu haiwaki. Wa kuniongezea nafasi hayupo. Seva ya kuhamisha leseni bado iko hai, lakini inazimwa mwisho wa mwezi.

Ya pili sijui iko wapi.

Najua.

Jumamosi, 7 Juni

Nimempigia Baba. Maneno niliyaandika kiganjani kwanza, ndivyo nilivyo. Alifurahi, au alijitahidi. Nilipomweleza akauliza wimbo gani. Nikamwimbia kwenye simu – mimi, ambaye hata darasani nasoma kwa kunong'ona. Akasema aa, huo. Hakuukumbuka, nilimsikia.

Kinanda kiko kwenye kompyuta ya mtoto wa mke wake. Baba humwita Bosi. Niende kesho tukaongee naye. Tukaongee naye! Leseni kanunua Baba, ruhusa inatoka kwa mtoto wa miaka tisa.

Mama alininyooshea blauzi kwa pasi, mara mbili.

Jumapili, 8 Juni

Naandika nikiwa chooni kwao, kompyuta mapajani. Nimefungua bomba wadhani nina kazi.

Bosi si mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alinionyesha anavyopiga – kidole kimoja, lakini anapiga. Baba nyuma yake, akimnyanyua kiwiko kama alivyokuwa akininyanyua mimi. Nikamwambia Bosi akibonyeza pale pa kuachia leseni, kinanda kinahamia kwangu. Akauliza kitarudi lini. Nikatazama zulia. Habari za mwisho wa mwezi sijamwambia mtu.

Mdomo ukaanza kumtetemeka. Mama mdogo akaja mlangoni na kitambaa cha vyombo, akauliza kwani hakuna vinanda vingine huko kwenye mtandao. Baba akamshika Bosi bega. Akasema kwa upole kabisa:

"Mpishe mgeni, mwanangu. Leo tu."

Nikaomba choo. Nikaingia na mkoba wangu wote, kama mwizi.

Sasa Baba anagonga. Anasema Bosi ameshabonyeza, nafasi iko wazi, nije niweke. Naitikia nakuja. Plagini iko hapa mbele yangu, inasubiri mtandao tu. Mtandao wao unaonekana, wa kwanza kabisa kwenye orodha, una jina la familia.

Unaomba nywila.

Baba anagonga tena. Anauliza kama nahitaji kitu.