Bastola, Pasi ya Mkaa na Pete Yangu

Jumapili, 4 Agosti 1957

— na pamba! Jana nimeandika viatu, nimeandika kofia, nikaisahau pamba, na ndiyo ya kwanza. Anayeanza kupiga shabaha asikanyage uwanjani bila pamba masikioni. Mume wangu Hatibu anasema bastola ni ndogo, lakini mlio wake unaingia mpaka kwenye magego. Basi nimechomoa pamba kidogo kwenye mto wetu wa harusi, nikaichovya kwenye nta ya nyuki, nikaiviringa vizuri. Mto wetu! Kila risasi atakayopiga, mto wetu utakuwa masikioni mwake. Nimecheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Hata mwezi wa ndoa haujatimia na tayari nayajua mambo ya bastola kuliko mkate wa kumimina. Viatu viwe bapa, visiwe na kisigino. Kofia iwe na ukingo wa kuzuia jua. Kitambaa cha kufutia jasho la kiganja kikae mfuko wa nyuma, si wa mbele. Yote haya ni maneno ya Sajini Uweso, anayewafundisha. Hatibu huyaleta nyumbani jioni kama wenzake wanavyoleta mkate.

Nayaandika kwa sababu tarehe 28 ndiyo jaribio lake la tatu, na la mwisho. Mara mbili ameshindwa: mara moja kabla ya harusi, mara moja baada ya fungate (walivyomtania siandiki). Akipasi, nyota inakaa begani na sisi tunakaa Tanga. Akishindwa anarudishwa chuo cha polisi Moshi miezi sita, na wake hawaendi. Miezi sita! Sitaiandika tena.

Jumanne, 6 Agosti 1957

Bastola hairuhusiwi kuja nyumbani, inalala ghalani kituoni. Kwa hiyo Hatibu anajifunza kwa pasi ya mkaa! Sajini amewaambia washike kitu kizito, wanyooshe mkono, wakitulize mpaka mkono uzoee. Basi mume wangu husimama uani, kifua wazi, pasi yangu mbele yake, amekazia macho mlango wa choo. Mzuri mno! Ningekuwa mlango ningeanguka.

Beatrisi wa chumba cha pili, mke wa Konstebo Abrahamu, akapita na ndoo. "Shemeji, hiyo nguo unayopiga pasi mbona siioni?" Hatibu akajibu bila kugeuka kwamba ni nguo ya roho. Ua mzima ukacheka.

Lakini mkono wake unatetemeka. Niliuona. Yeye alisema ni pasi, ina jivu ndani.

Neno jingine la Sajini: kile kiulimi cha kufyatulia usikivute, kikamue. Polepole, kama unakamua tui. Nina hakika Sajini hajakamua tui maisha yake, lakini nimemwelewa mara moja.

Ijumaa, 9 Agosti 1957

Aibu! Nimemwaibisha mume wangu.

Jana aliacha nyumbani mkanda na mfuko wa ngozi wa kutilia bastola. Ngozi imekauka, inalia kama mlango. Nikasema, mke mwema hutunza vitu vya mumewe. Nikaipaka mafuta ya nazi. Yale yangu ya nywele, niliyotia asumini. Nikaisugua ndani na nje mpaka ikang'aa.

Leo kiganja kikawa kinateleza kwenye mpini, risasi ya kwanza ikaenda zake mashamba ya mkonge. Na harufu! Sajini amezunguka mstari mzima akinusa, kisha akasimama mbele ya Hatibu: "Inspekta mtarajiwa, leo tunakamata wezi au tunaoza binti?"

Nililia. Hatibu akaninyamazisha, akasema siku nzima alihisi niko naye kiunoni. Ee Mungu, nimpende vipi zaidi ya hivi?

Kwa hiyo: silaha na ngozi yake vina mafuta yake. Ya nazi ni ya nywele.

Jumapili, 11 Agosti 1957

Nimeuona uwanja. Mimi na Beatrisi tumewapelekea waume zetu chakula, tukaruhusiwa kukaa nyuma ya kamba. Shimo la zamani la mawe nje ya mji, ukuta wa udongo, na mbele yake karatasi zenye duara jeusi. Bendera nyekundu ikipanda hakuna kupita. Mtutu siku zote uelekee ukutani, hata kama bastola ni tupu. Mtu mmoja aligeuka nayo ili aone nani anamwita, na Sajini alimkaripia hata mimi nikasimama wima.

Zamu ya Hatibu ilipofika niliacha kupumua. Karatasi sikuitazama kabisa, nilimtazama yeye tu, naye anapendeza akitazamwa kwa upande. Na niliona jambo. Amefunga jicho la kushoto kama walivyofundishwa wote. Lakini kadiri anavyokamua, jicho lile linafumbuka lenyewe, taratibu, kama mtoto anayejifanya amelala. Halafu paa! Na risasi pembeni.

Zote pembeni. Abrahamu, ambaye hana habari, anatia katikati huku anapiga miayo.

Tukarudi kwa miguu, Hatibu mbele. Basi la Pangani likatupita, akaligeukia. Ndilo linaloshuka kwao Tongoni, kwa mama yake. Nikamwambia tuje tupande siku moja. Akasema, nikiwa na nyota.

Jumatano, 14 Agosti 1957

Hakula. Samaki wa nazi, na hakula.

Sajini kamwambia asijisumbue, wengine hawakuumbiwa bastola.

Ijumaa, 16 Agosti 1957

Nitaandika polepole, nisiruke neno.

Baada ya sala ya Ijumaa Hatibu alikaa uani. Mimi nakanda unga wa maandazi, nimevua pete nikaiweka juu ya kibao. Akaichukua, akanyoosha mkono, akanitazama kupitia tundu lake. "Nakuona wewe tu. Dunia yote nimeifukuza."

Nikasema, haya, funga jicho kama uwanjani, tuone kama utanipata.

Akafunga la kushoto. "Umepotea!"

"Nimepotea vipi? Mimi si huyu?"

"Hupo. Namwona kuku wa Beatrisi."

Akafumbua, nikarudi. Akafunga la kulia, mkono haukusogea hata chembe. "Upo! Umejaa tele, na unga puani."

Nikamnyang'anya pete nikajaribu mimi. Nikifunga la kushoto Hatibu yupo pale pale. Nikifunga la kulia anapotea. Nikamwita Beatrisi, naye ni kama mimi. Hatibu peke yake ndiye kinyume. Jicho lake linaloshika kitu ni la kushoto! Ndiyo maana linafumbuka. Linataka kazi yake, nao wanalifungia mlango.

Tulirukaruka uani kama watoto. Maandazi yameungua. Yaungue.

Na jambo jingine nimeligundua sasa hivi tu, nikiandika. Mkono alioshikia pete ulikuwa wa kushoto. Wala haukutetemeka.

Jumamosi, 17 Agosti 1957

Ugomvi wetu wa kwanza.

Nilimpa pasi, nikasema ishike kwa kushoto. Akakataa. Nikamwekea kiganjani kwa mzaha. Akainyoosha — ikatulia kama imetundikwa ukutani! Nikapiga kigelegele. Yeye akaiweka chini kama imemuunguza.

Ikabidi nimvute maneno. Alizaliwa mashoto. Alipokuwa mdogo mama yake alimfunga mkono ule kwa kipande cha kanga, kila mlo, mpaka ukasahau sahani. Hakumpiga, Hatibu anasisitiza. Alimfunga huku akimwimbia, akamwambia watu watamcheka, hawatampa mkono, hawatakula naye. Mama anampenda, nalijua hilo. Mimi mwenyewe sijapata kumwona anayekula kwa kushoto nikabaki mezani.

Nikasema lakini bastola si wali.

Akasema, nikishindwa kwa mkono wa kulia watasema bahati mbaya. Nikishindwa kwa kushoto watasema kumbe ndivyo alivyo. Na mama atasikia.

Nikasema, kwa hiyo bora Moshi? Bora uniache kuliko kuchekwa na watu? Nilisema kwa sauti, Beatrisi akazima redio yake apate kusikia vizuri.

Ametoka. Amerudi. Tumelala tumepeana migongo kama masanduku.

Jumatatu, 19 Agosti 1957

Asubuhi nilimnunia. Chai bila sukari, na kainywa bila kulalamika — ndivyo nilivyojua ana huzuni.

Jioni nikasikia kishindo uani. Nikachungulia dirishani. Yuko peke yake, amesimama mbele ya mlango wa choo. Pasi iko mkono wa kushoto.

Sikutoka. Nililia kidogo nyuma ya pazia, machozi mazuri.

Alhamisi, 22 Agosti 1957

Amemwambia Sajini! Mwenyewe, mbele ya wenzake. Nataka kuyaandika kama alivyonisimulia.

Sajini kwanza alikunja uso. "Jeshi zima linachomoa kulia, wewe uchomoe kwa mkono wa msalani?" Wakacheka. Hatibu akasema, ndiyo Afande, nao nimeunawa. Wakacheka zaidi, lakini sasa wanacheka naye.

Hatibu akavua pete yake, akamwambia Sajini, tazama bendera kupitia hapa. Sajini akakataa mambo ya kitoto. Kisha akatazama. Akafunga jicho hili, akafunga lile. Akaenda pembeni akatazama tena, akidhani hawamwoni. Mwisho wakapanga mstari wote, kila mtu na pete, Abrahamu kaazima ya mwenziwe. Nitacheka mpaka nife.

Sajini akasema yeye hana amri ya kubadili mkono, ataiomba kwa mkuu wake, ila leo hakuna anayekataza kujaribu. Tena akamwonya: mguu wa kushoto sasa uwe mbele kidogo, bega lisipande, usikimbilie kutazama karatasi kabla mlio haujaisha. Na akitaka, asifunge jicho lolote.

Karatasi aliyoniletea nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Kuna matundu ndani ya duara jeusi! Si yote. Lakini yanakaribiana kama watu wanaosemezana.

Nimelitia kidole kila moja.

Jumapili, 25 Agosti 1957

Ruhusa imetoka. Fundi viatu wa barabara ya pili amegeuza ule mfuko ukae kiuno cha kushoto. Nimemkatalia katakata kuupaka kitu chochote. Bado unanukia asumini.

Jana mchana utingo wa basi la Pangani kapiga hodi. Kapu kutoka Tongoni, kwa Bi Semeni, mkwe wangu: pweza mkavu, nazi, na maneno. Utingo aliyakariri kama sala. "Mama anasema, shikamoo za mkwe zimefika, marahaba. Mwanangu nasikia anapambana na bunduki. Mbona haji nikamtazama mikono yake ni mizima?"

Mikono yake! Hatibu alitazama pembeni.

Usiku akasema mama asijue. Akipasi, atamwambia nyota tu, mkono si lazima. Nikasema vema. Lakini nilisema vema kwa mdomo. Mama yule alifunga mkono kwa kumhofia mwanawe asichekwe. Nani atamwambia kwamba kicheko kimepita, na mwanawe yu hai? Mtu wa kumwambia ni Hatibu, na iwe uso kwa uso. Nimemwambia hivyo leo alfajiri. Akavaa viatu. Akatoka na kapu tupu mkononi, akasema kapu la mtu halirudi tupu, atatafuta sukari na kitenge.

Jumatano, 28 Agosti 1957

Nimekuja na daftari ndani ya kapu la chakula. Naandika magotini, Beatrisi kaniziba jua kwa kanga yake. Abrahamu amekwisha pasi kwenye kundi la kwanza, kwa hiyo Beatrisi ana moyo wa kutania: "Bibi harusi, utalowesha karatasi kwa mate, funga mdomo."

Bendera nyekundu imepanda. Upepo unatoka baharini, si mkali. Hatibu wa tatu kwenye mstari. Wengine wote wamenyoosha kulia, yeye peke yake kushoto, kama ukurasa uliokunjwa pembe. Mzungu mkuu wao amemtazama, akamuuliza Sajini neno. Sajini kajibu akijigusa jicho.

Pamba ameitia. Niliona akiibonyeza, kisha akanigeukia kidogo. Mto wetu!

Amri.

Sitaki kutazama. Natazama. Mkono umepanda taratibu. Haukutetemeka. Macho yote mawili wazi. Anakamua — anakamua —

Paa.

Na tena. Na tena. Anapumua katikati, kama Sajini alivyosema. Hakukimbilia kuchungulia karatasi. Mume wangu! Kama mtu anayetia saini jina lake mwenyewe.

Bendera imeshuka. Wamekwenda kwenye karatasi, Mzungu na Sajini. Wameanza na ya kwanza. Ya pili. Wako kwenye yake. Mzungu ameinama. Bado ameinama. Anagusa kwa kalamu, anahesabu. Kuna moja iko ukingoni mwa duara, wanaizungumza. Hatibu hatazami kule. Anaufungua na kuufumba mkono wake wa kushoto, anautazama, kama amekutana na ndugu.

Sajini ameinua mkono. Sijui anatuita au anafukuza nzi.

Beatrisi kanishika bega. Siinuki mpaka nimalize hili, nikiwa bado sijui, ili lisije likawa ahadi ya furaha tu. Mama yangu Semeni, kabla mwezi huu haujaisha tutashuka Tongoni, mimi na mwanao, akiwa na nyota au hana. Kapu lako linarudi na sukari. Atakuambia mwenyewe. Kwenye sinia lako atakula kwa kulia, kama ulivyomfundisha, na ule mwingine nitakuomba uushike wewe