Mjane Mwenye Mume

Jumamosi, 4 Novemba

Nimevaa kandambili za marehemu tena. Zangu zimekatika mkanda. Inshirah alizisukuma kwa mguu mpaka zikanifikia. Fikri, mumewe wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa na mguu mkubwa. Natembea nyumbani kwake pwata, pwata, kama bata wa wizi.

Tangu Ramadhani mimi na Inshirah ni mke na mume. Karatasi hakuna, vigelegele hakuna — Fatiha, mashahidi wawili, na sinia la keki ya basbusa tulilokula mlango umefungwa. Serikali haijui. Kampuni ya mafuta aliyoifanyia kazi Fikri ndiyo isiyotakiwa kujua kabisa. Wakisikia mjane wao ameolewa, pensheni ya marehemu inakatwa, na kadi ya matibabu inakwenda nayo. Na moyo wa Inshirah una kilango kilichochakaa. Daktari ameshasema apasuliwe mwezi huu, hospitali ya Tanta, kwa kadi hiyo hiyo.

Angeandikwa kwenye kadi yangu je, mimi mfumaji mstaafu? Bima ninayo. Unapanga foleni alfajiri, adhuhuri unapewa vidonge vya njano. Mgongo, vya njano. Kikohozi, vya njano. Upasuaji wa moyo, jina linaandikwa na unarudi nyumbani kungoja. Mwenzetu mmoja aliitwa wakati watu wameshakula arubaini yake.

Kwa hiyo marehemu anamtibu mke wangu, na mimi navaa kandambili zake. Ningekuwa na haya ningetembea peku. Lakini sakafu ina baridi.

Jumatatu, 6 Novemba

Mkahawani. Wazee tumelilia kiwanda, kama kawaida yetu. Zamani kiwanda cha nguo hapa Mahalla kilikuwa na hospitali yake mwenyewe. Meno bure, miwani bure, mke akijifungua anarudishwa kwa gari. Kisha wakatuambia tustaafu mapema, wakatupa bahasha nene, tukaondoka tunaimba. Hakuna aliyeuliza hospitali itabaki ya nani. Nilikuwa na nguvu za punda. Punda hafikirii vilango vya moyo.

Vijana wa sasa pale wana mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wakiugua, wanaugulia kwao.

Gaber kinyozi, ambaye ni shahidi wa ndoa yangu, akaniinamia sikioni. Akasema wenzangu wanaoa wanawake, mimi nimeoa bima. Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Nilipofika nyumbani sikuweza kumtazama Inshirah. Akauliza nina nini. Nikasema chai ilikuwa ya moto.

Jumatano, 8 Novemba

Afadhali leo ningebaki kitandani.

Kila mwaka kampuni inatuma mtu kuwatazama wajane wake kama bado ni wajane. Mwaka huu wamemleta binti anaitwa Maysa, mpole, viatu vyeupe. Alipanda kwa Inshirah, akanywa chai, akashuka kuuliza majirani. Na jirani wa kwanza ni saluni ya Gaber, iliyo chini ya roshani yetu. Mimi nimekaa kitini, nusu ya uso povu.

"Shikamooni wazee wangu. Bi Inshirah wa ghorofa ya pili mnamfahamu?"

"Mwanamke wa heshima zake," Gaber akasema.

"Nimeambiwa kuna mzee hupanda na kushuka. Mfupi, mwenye maneno mengi."

Wembe wa Gaber ukasimama kooni mwangu.

"Ndiye mimi huyo, binti yangu," nikasema. "Nampandishia mtungi wa gesi. Mwanamke mgonjwa, hana mtoto, tumwache apike kwa jua?"

"Kwa hiyo si mkeo."

Ningesema "hapana", ikaisha. Lakini mdomo wangu ukishapata msikilizaji mzuri haujui breki. "Yule? Yule si mke wangu, hajawahi kuwa, na simtaki. Ulimi mrefu, moyo mbovu, na mboga yake ya mlokhia haina kitunguu saumu. Kampuni yenu kama ina mjane mwingine mzima-mzima, niletee huyo."

Binti akacheka, akaziba mdomo kwa mkono. Akamgeukia Gaber — eti na wewe mzee unathibitisha? Gaber, aliyekula basbusa ya ndoa yangu, akasema wallahi.

Hapo ndipo nikaona kikapu. Inshirah alikuwa amekishusha kwa kamba kutoka roshani, kama kila siku, mwuza mkate atie mikate. Kilikuwa kinaning'inia mbele ya mlango wa saluni, kimesimama hewani. Mwuza mkate alikuwa hajafika. Kikakaa kidogo. Kisha kikapandishwa juu kitupu, taratibu.

Alhamisi, 9 Novemba

Jana sikuandika yote.

Nilipanda. Alikuwa anachambua mlokhia, majani yamejaa mapajani.

"Umesema vizuri," akasema.

"Ulisikia?"

"Mtaa mzima umesikia. Wewe ulizoea kupiga kelele kushinda mitambo."

"Ilibidi, Inshirah."

"Najua ilibidi. Kitunguu saumu nacho kilibidi?"

Nilitafuta neno la kuchekesha. Miaka sabini na mbili hii sijawahi kukosa. Jana nilikosa.

Baadaye akasema, bila kuinua kichwa: "Nikifia Tanta, anayesimama mlangoni kupokea rambirambi ni Wagdi, ndugu yake Fikri. Wewe utakaa na majirani. Utakunywa kahawa yako chungu, utamwambia Wagdi pole, utaondoka. Umelifikiria hilo, Shahhat?"

Sikuwa nimelifikiria. Nilifikiria kadi tu.

Nikamwambia basi niende kesho kwa yule binti, niseme kweli, yaishe.

"Nenda," akasema. "Halafu rudi na vidonge vya njano."

Sikwenda.

Ijumaa, 10 Novemba

Kuna jambo limenikaa kama mwiba wa samaki. Nimesema mbele ya watu wawili kuwa yule si mke wangu. Je, si talaka hiyo? Watu wameachana kwa maneno machache kuliko hayo. Na kama ni talaka, basi usiku wa jana nililala kwa nani?

Baada ya swala nikamvizia Sheikh Barakat anatafuta viatu. Nikasema nina rafiki.

"Rafiki yako alikusudia kumwacha?"

"La. Alikusudia kumwokoa. Halafu akanogewa."

Sheikh akanitazama, kiatu kimoja mkononi. "Basi talaka hakuna. Uongo upo. Mwambie mke bado ni wake, na uongo nao ni wake."

"Na pensheni ya mjane, ikiwa mume yumo ndani anakula?"

"Hilo rafiki yako ameuliza?"

"Hajaniambia niulize."

"Basi akitaka kujua, aje mwenyewe. Aje na uso wake."

Nikarudi nyumbani nikamwambia Inshirah bado ni mke wangu, nimehakikisha. Akasema asante kwa taarifa.

Jumapili, 12 Novemba

Haji Wagdi amefika kutoka Tanta na gari la kukodi kumchukua shemeji yake. Mtu mwema. Laiti angekuwa mshenzi, mzigo ungenipungukia. Amemletea machungwa. Alinikuta nimebeba begi la Inshirah ngazini, akanishika bega: "Mungu akubariki, mzee wangu. Majirani kama wewe wamekwisha duniani." Akataka kunipa kitu kwa kubeba. Nikakataa. Akanitilia mfukoni kwa nguvu.

Inshirah alikuwa ameshakaa garini. Aliyaona yote. Akatazama mbele.

Nimempa Gaber zile hela akazitie sanduku la msikiti. Sikuweza kuzitia kwa mkono wangu.

Jumanne, 14 Novemba

Tanta. Naandika benchini, daftari juu ya goti.

Kaunta waliniuliza mimi ni nani kwake. Jirani. Basi jirani akakae benchi la chini, juu ni jamaa tu. Haji Wagdi akaniombea: "Mwacheni, ametoka Mahalla alfajiri, ni kama wa nyumbani." Kwa hisani yake niko juu. Ni yeye aliyetia sahihi apasuliwe. Aliniomba kalamu. Nikampa.

Mahali safi. Wafu wanatibiwa vizuri kuliko sisi.

Inshirah aliingizwa asubuhi. Kitanda kilipopita niliinuka, nikakaa tena, kwa kuwa jirani hainuki hivyo. Yeye alikuwa amefumba macho. Au alifumba aliponiona, sijui.

Baada ya adhuhuri daktari alitoka, akasema kilango kimekaa vizuri, tuombe usiku upite salama. Alimwambia Haji Wagdi. Mimi nilisikia kwa pembeni, nikatazama dirishani mpaka macho yakakauka.

Sasa hivi nesi ametoka. Mnene, mwenye haraka. Anasema mgonjwa ameanza kuzinduka lakini hatulii, anavuta mipira, anamwita mumewe.

Haji Wagdi akafunika uso kwa kitambaa. "Mumewe amekufa, binti yangu. Ni ndugu yangu Fikri. Masikini, bado anamtafuta."

"Anataja jina?" nikauliza.

"Jina halishikiki, ulimi mzito bado. Anasema mume wangu, mwiteni mume wangu." Akatutazama mmoja mmoja. "Asipotulia atajiumiza. Nataka sauti ya mwanamume mzee tu, aseme nipo hapa. Haji, ingia wewe."

"Siwezi," Haji Wagdi akasema. "Ni mke wa ndugu yangu. Sina uso wa kumdanganya." Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mtu mwema huyu. "Ingia wewe, Shahhat. Wewe ni mcheshi, unajua kuigiza. Fanya kama ni Fikri. Thawabu utaipata."

Nesi ameniambia nivae lile joho la kijani na viatu vya nailoni, ningoje abadilishe dripu. Nimeshavaa. Haji Wagdi ananisomea dua pembeni, na amenifundisha: Fikri alikuwa akimwita "nuru ya nyumba". Mimi sina jina langu nililomzoesha. Namwitaga "wee".

Mlango umefunguliwa. Nesi ananipungia mkono. Ndani namsikia Inshirah anamwita mumewe, na kweli hataji yupi.