Zege la Daraja la Izvoru

Izvoru, 19 Oktoba

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta nyonga inapona na unatembea bila kumshika muuguzi mkono. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu, kabichi zote ameshazitia kwenye mapipa ya chumvi.

Habari kubwa ni daraja la miguu. Jumatatu tulimwaga zege la sakafu yake. Halmashauri ilikuwa imeleta ile saruji yenye majivu ya tanuru. Nikawaambia mafundi hiyo ni nzuri wakati wa joto, ila kwa baridi hii itachelewa mno kushika. Fundi Toader akasema basi tutie chumvi, zege lishike upesi. Nikakataa, maana chumvi inakula nondo. Akawageukia wenzake, “Jamani, Anghelina anapika keki au anajenga daraja?” Nikamjibu, “Keki ikiharibika, Toader, unalala njaa. Daraja likiharibika unalala mtoni.” Walicheka mpaka mwenyewe akacheka.

Tukaagiza saruji tupu ya kushika haraka, pamoja na dawa inayotia viputo vidogo vya hewa, ili maji yakiganda ndani ya zege yapate pa kutanukia. Kokoto tuliziosha, maji nikayapima mwenyewe. Tukalifunika kwa mablanketi ya sufu. Leo tumelifunua: gumu, halina hata ufa.

Tulikula ugali na jibini ya kondoo palepale ukingoni. Toader, bila ubaya, akasema hili litaishi kuliko lile la mzee Ilarie, yaani lile lako, lililomomonyoka kwa majira mawili tu ya baridi.

Baba, nililiweka tonge chini. Siku ile ya kumwaga zege la daraja lako, ulipokwenda kula uliniachia nikoroge. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, zege lilikuwa zito, mikono imechoka. Nikaongeza ndoo tatu za maji ili lilainike, na maji hayo ndiyo yaliyolidhoofisha. Wewe ukalaumiwa miaka kumi na minne, mimi nikanyamaza.

Leo nimesimama nikawaambia wote. Kisha Toader akavua kofia, akasema, “Kumbe tulimwonea mzee. Basi yeye ndiye atakayevuka wa kwanza.”

Nisamehe, Baba. Ufunguzi wameusogeza mpaka daktari akuruhusu. Mpaka hapo watu wa ng'ambo wataendelea kuzunguka ile njia ndefu ya malishoni, na hadi sasa sijasikia aliyenung'unika.

Wasalimie wagonjwa wenzako wote wodini.

Mwanao akupendaye,
Anghelina