Maua Makavu kwenye Pipa

Jumatano, 14 Februari 1979
Mtama umechacha vizuri, povu limeshuka. Nimehamishia pombe kwenye pipa nililorudi nalo kutoka kiwanda cha bia mjini, nilikokuwa nikifanya kazi. Tangu vita vianze bia ya chupa haionekani huku. Magari yote yanabeba askari. Kijiji kizima kinajiliwaza kwa rubisi, pombe ya ndizi. Ndizi wanazikanyaga kwa miguu, halafu wanaiita heshima. Heshima yenye jasho la kisigino!

Mke wangu Skolastika bado yuko kwao Mbuba. Kisa, nilimwaga rubisi ya mama yake mbele ya wageni, nikasema ni maji ya kunawia miguu. Kweli inauma. Namtaka arudi, basi.

Ijumaa, 16 Februari
Mila inasema anayemfuata mke apeleke pombe. Wakwe wakinywa, mke anarudi. Wasipokunywa, sina mke. Haya. Watakunywa bia halisi kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Hopsi ni maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu. Nusu nilichemsha siku ya kupika. Nusu nyingine leo nimefunga kwenye shashi pamoja na kijiwe kisafi, nikatumbukiza ndani ya pipa. Hizi hazichemshwi. Zinalowa tu, pombe inukie.

Jirani, Mama Yustina, mpika rubisi, kaja kuchungulia. Kaonja. Kasema pombe ya kumfuatia mke huwa tamu. Nikamwuliza tangu lini wakanyaga ndizi wakamfundisha mtu wa kiwandani. Kaondoka. Mshamba.

Jumapili, 18 Februari
Baada ya misa nikafunga pipa kwenye baiskeli. Milima yote nimesukuma baiskeli kwa miguu.

Kwa wakwe, shikamoo yangu ilipata marahaba ya nusu mdomo. Nikaonja kwanza, kama mila inavyotaka. Baba mkwe akachovya mrija, akavuta mara moja. Akauchomoa, akaulaza chini.

"Mkwe, anayekuja kupatana haleti uchungu. Hii ni hasira yako, umekuja nayo tuinywe sisi."

Nikaanza kueleza hopsi. Mjomba wao mmoja akauliza kama ni dawa ya malaria. Wakacheka, wajinga wale. Skolastika alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Akaingia ndani.

Nimerudi na pipa lile lile, limejaa.

Jumatatu, 19 Februari
Sikwenda shamba la ujamaa. Balozi wa nyumba kumi kaja kufoka. Tumbo mbele, akili nyuma. Nimemfungia mlango.

Bia ni nzuri. Wao ndio hawana ulimi.

Jumatano, 21 Februari
Bado nakunywa. Harufu safi kabisa, hata kiwandani wangeisifu. Nzuri sana kwa mtu anayekunywa peke yake.

Alhamisi, 22 Februari
Nimekwenda kwa Mama Yustina kumwomba anifundishe kupika rubisi. Aibu tupu. Hakunipa kiti. Nilimaliza kusema, akaendelea kupepeta mtama wake, halafu akaniambia nikakate ndizi zangu mwenyewe. Tumezifukia shimoni kwa majani ya mgomba, ziive.

Rubisi bado naiona pombe ya hovyo.

Jumatano, 28 Februari
Manyunyu asubuhi. Ndizi zimeiva. Mama Yustina kazimenya na kuzipanga kwenye mtumbwi wa kukamulia, nyasi juu yake. Kumbe kukanyaga ni kazi ya mwanamume. Kaniwekea ndoo ya maji na kipande cha sabuni, akaenda zake jikoni.

Nimeosha miguu.