Ndama wa Mabala na Picha ya Tarehe Nne

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, wilaya ya Ngara. Jumanne, 20/05/2025, saa 4:15 asubuhi.
Jina: Nshoma Bukuru. Umri: miaka 74 (mwenyewe anadai 90). Kabila: Msukuma. Kazi: mfugaji. Makazi: kata ya Mugoma. Elimu: hakusoma.

Mimi ndiye Nshoma, na toka Shinyanga mpaka huku hakuna asiyejua kwamba ng'ombe wangu nawatambua hata kwa kikohozi. Andika hivyo hivyo, afande, usipunguze.

Mnamo tarehe 19/05/2025, saa moja asubuhi, mwanangu Paschal alikamatwa zizini kwangu. Anaambiwa Jumapili tarehe 4, watu wakiwa kanisani, aliingiza ng'ombe kwenye maharage ya jirani yetu Protasi. Yuko ndani mpaka sasa kwa ajili ya picha moja. Picha! Mimi nimemlea miaka ishirini na sita, hiyo picha imemlea lini?

Picha imepigwa na mashine ya Yuster, binti yake Protasi, aliyesomea ufundi wa umeme. Ni kikompyuta kama pakiti ya sigara, kinatoa waya bapa kama utepe, na mwisho wa utepe kuna kikamera kama jicho la kinyonga. Amekitia kwenye kopo la plastiki akalifunga kwenye nguzo ya shamba, kinakula umeme wa jua. Binti ana akili, sikatai. Nilishamtania aje awe mke wangu mdogo, akaniambia, "Babu, bibi ameruhusu?"

Jana ulinionyesha hiyo picha, ukanisomea tarehe 4, saa 4:50 asubuhi. Nikaangalia. Ng'ombe ni wangu, ni Mabala, tumemuita hivyo kwa mabaka yake. Lakini ubavuni kwake amesimama ndama. Afande, huyo ndama tarehe 4 alikuwa tumboni! Mabala alizaa Ijumaa tarehe 9, mchana, bwana mifugo akiwepo, maana ndama alitanguliza miguu ya nyuma. Tulimvuta watu watatu. Haya, wawili, mimi nilikuwa natoa amri.

Nikamuuliza Yuster mbele yako, "Mashine yako ikizimika, saa inaijuaje?" Akasema, "Babu, haina betri ya saa. Ikiwaka inaendelea pale ilipoishia." Na mvua ilifunga Jumapili ile, mashine ikazimika, jua tukaja kuliona Alhamisi tarehe 15.

Alhamisi hiyo ng'ombe wangu waliingia shambani kweli. Walikaribishwa! Protasi alikuwa Biharamulo. Mkewe, Koleta, alimuita Paschal nikisikia mimi: "Leta ng'ombe wamalizie haya mabaki ya Jumapili, waniachie samadi." Sasa mume amerudi na hasira, Koleta anatazama chini. Hilo linaniuma kuliko pingu. Jumapili maharage yaliliwa na ng'ombe wa nani, sijui. Hata mashine haijui, ilikuwa imelala.

Leo nimetoka nyumbani alfajiri na Mabala na ndama wake. Wako nje, karibu na pikipiki yenu. Toka na picha yako ulinganishe.

Hayo ndiyo yangu. Nimesomewa, sijaongeza chumvi, ingawa ningeweza.

Alama ya dole gumba la shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Nimetoka nje na picha, shahidi na Yuster wakiwepo. Baka la begani kwa ndama ni lile lile la pichani. Bwana mifugo amethibitisha kwa simu kwamba alizaliwa tarehe 9. Koleta amefika bila kuitwa, akaomba naye aandikwe maelezo. Paschal ameachiwa saa 8:10 mchana. Ameondoka amembeba ndama mabegani, Mabala akifuata nyuma.

Koplo Fideli